Mnyonga baiskeli mnyongeni, haki yake mpeni

KARIAKOO haijajaa, yeye ameshapita.

Saa 12 asubuhi anatoka Magomeni Mapipa, anateremka bonde la Jangwani, anavuka daraja, anapandisha hadi Fire na kukata kuingia Mtaa wa Msimbazi. Kwenye keria kuna mzigo uliokazwa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Leo madafu, kesho trei za mayai. Kengele anapiga, lakini nani anasikia? Bodaboda inampita kulia, bajaji inambana kushoto, na nyuma kuna honi na sauti ya kijana: "Babu, sogea!"

Asogee wapi? Kushoto ni mtaro.

Huyo ndiye mzee wa baiskeli wa Kariakoo. Si mtu mmoja. Wapo wengi, na kila mtaa una wake: muuza madafu, mnoa visu anayegeuza baiskeli yake kuwa mashine, fundi pancha wa kona, mstaafu anayefuata mboga sokoni kwa sababu nauli inamuuma. Wengine ni Simba, wengine ni Yanga. Lakini ukikaa nao kijiweni wakati wa kahawa, maneno yao yanafanana kama wametoka kikao kimoja. Mpira, foleni na haki.

Na ukitaka kuelewa maisha ya shabiki wa soka nchi hii, msikilize mnyonga baiskeli. Wote wawili ndio wengi, wote wanalipa kwa jasho, na wote huambiwa mwisho kwamba mambo yamebadilika.

MITAA MIWILI, WATANI WAWILI

Kutoka makao makuu ya Simba pale Msimbazi hadi ya Yanga, makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, mwenye baiskeli nzima anatumia dakika chache tu. Ndiyo maana dabi hii inaitwa ya Kariakoo. Haikuanzia uwanjani, ilianzia mitaani, kwa watu waliokuwa wakichota maji bomba moja na kununua samaki soko moja.

Yanga ilizaliwa 1935. Mwaka uliofuata wapo waliojitenga, na kutoka kwao ikaja timu iliyopitia majina kadhaa, ikajulikana kwa miaka mingi kama Sunderland, hadi 1971 ilipochukua jina la Simba. Kwa hiyo mzee akisema hawa ni ndugu waliogombana, hatanii. Ni historia.

Mzee huyu matokeo anayo kichwani, hahitaji simu. Yanga 5-0, mwaka 1968. Simba 6-0, mwaka 1977, siku Abdallah Kibadeni alipofunga mabao matatu peke yake. Simba 5-0, Mei 2012. Yanga 5-1, Novemba 2023. Oktoba 2013 Yanga wakaenda mapumziko wakiongoza 3-0, wakarudi, mpira ukaisha 3-3.

Anapozitaja hizo, anazitaja kwa raha, hata zile ambazo timu yake ndiyo iliyochapwa. Aliyefungwa alilala na njaa, asubuhi akapitia njia nyingine kazini ili watani wasimkute, wiki ikapita, maisha yakaendelea. Katika zote hizo filimbi ya kwanza ilipulizwa, ya mwisho ikapulizwa, na kila mtu alijua kilichotokea katikati.

Hapo ndipo msimamo wake unapoanzia: kufungwa si kuonewa.

SHERIA CHUNGU NA SHERIA INAYOHAMA

Chukua fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger Kwa Mkapa, ikaenda Algiers ikashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa bao la ugenini. Wananchi walilia. Ulaya sheria hiyo ilikuwa imeshafutwa tangu 2021, Afrika ilikuwa bado.

Muulize mzee wa baiskeli kama Yanga ilionewa. Wengi wao, hata wale wa Jangwani, watatikisa kichwa. Sheria ilikuwa chungu, tena imepitwa na wakati, lakini ilikuwepo tangu mechi ya kwanza ya mashindano. Kila aliyeingia aliijua. Unaweza kuichukia, huwezi kusema umetegewa.

Sasa rudi Mei 8, 2021. Dabi ilipangwa saa 11 jioni. Mashabiki wapo uwanjani, wengine wako njiani, ikatangazwa kwamba mechi imesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga ikaja kwa saa ya kwanza, ikakaa, ikaondoka. Simba ikaja kwa saa ya pili. Mechi haikuchezwa. Ilichezwa Julai 3, Yanga ikashinda 1-0 kwa bao la Zawadi Mauya. Leo hilo bao linakumbukwa na wengi. Lakini aliyetoka mkoani kwa basi siku ile ya Mei anakumbuka kitu kingine kabisa.

Ungedhani somo limeeleweka. Haya, Machi 8, 2025. Jumamosi, dabi saa 1:15 usiku. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba ikalalamika kwamba imezuiwa kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi, haki ambayo timu mgeni inapewa na kanuni, ikatangaza haitacheza. Yanga ikashikilia kwamba ratiba ni ratiba. Siku yenyewe ya mechi, zikiwa zimebaki saa chache, Bodi ya Ligi ikaiahirisha. Yakafuata mabishano ya miezi, hadi Juni 25, siku ya Jumatano, ndipo mpira ukachezwa na Yanga ikashinda 2-0.

Kijiweni watu waligawanyika kwa rangi za jezi. Huyu anasema Simba ilikimbia, yule anasema Simba ilifanyiwa hila. Mzee wa baiskeli anakunywa kahawa yake, kisha anauliza swali ambalo upande wowote haulipendi: na yule aliyefunga genge lake Jumamosi mchana, nani alimlipa?

Maana hesabu ya shabiki wa Kariakoo haihesabiwi kwa pointi tatu. Muuza madafu asipouza mchana wa Jumamosi, hiyo fedha hairudi Jumatatu. Ameikata siku yake nusu kwa ajili ya mpira. Timu zina mawakili, zina wasemaji, zina kamati. Yeye ana baiskeli.

Ndiyo maana anasema sheria mbaya inayojulikana mapema ni afadhali kuliko sheria nzuri inayohama mchana wa mechi. Ya kwanza unajipanga nayo. Ya pili inakukuta barabarani.

NJIA ILIYOLIWA

Na barabarani ndiko alikojifunzia hayo.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni, tawi moja likienda Morocco na jingine likipita Msimbazi kwenda Gerezani, mji ulifurahi. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Na katika mradi ule, pembeni ya Barabara ya Morogoro, wapita kwa miguu na wenye baiskeli nao walichorewa njia yao. Kwa mara ya kwanza mnyonga baiskeli akaona kuna mtu ofisini aliyemkumbuka.

Lakini njia kuchorwa ni kitu kimoja, njia kubaki yako ni kitu kingine. Leo ukinyonga hapo unakutana na meza ya chaja za simu, gari lililoegeshwa, lundo la mchanga, na bodaboda inayokimbia foleni ikija uso kwa uso na wewe. Unarudi kwenye lami, kati ya magari, kulekule ulikotolewa. Ukigongwa, swali la kwanza la watu ni hili: kwani baiskeli ilifuata nini barabarani?

Hapo mzee hacheki. Anasema ni sawa na mchezaji anayechezewa rafu, kisha mwamuzi anamwonyesha yeye kadi.

Hata hivyo, hamtupii lawama zote mwenye meza. Mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara na kupelekwa maeneo mengine, Kariakoo ikapitika, na mwenye baiskeli alikuwa wa kwanza kufaidi. Lakini alimwona pia jirani yake akikunja turubai bila kujua kesho atauzia wapi, na wateja wake hawajui atakuwa wapi. Mzee anakataa kuitwa mshindi wa mechi hiyo. Kwa maoni yake, mji ukiwaacha wanyonge wawili wagombee hatua mbili za lami, wakati gari la mtu mmoja limechukua nafasi ya baiskeli sita, mpangaji ndiye aliyekosea.

Tena hawafichi wa kwao. Kijiweni hapohapo watamsema mwenzao anayepanda upande usio wake, anayetembea usiku bila taa, anayebeba mzigo mpana kuliko bajaji halafu anataka huruma. Haki ina pande mbili. Umoja wa Wapanda Baiskeli Dar es Salaam, UWABA, umepiga kelele miaka mingi kudai njia salama, lakini njia ikipatikana nayo inataka wanaoiheshimu. Ni kama shabiki anayelalamikia waamuzi huku yeye ameruka ukuta kuingia uwanjani.

KIGALI SI MBALI

Kuna jingine linalowauma, na hili linatugusa sisi wa kurasa za michezo. Baiskeli ni mchezo, lakini hapa mjini inahesabiwa kuwa umaskini.

Haikuwa hivyo siku zote. Wazee wanakumbuka miaka ya shida ya mafuta, serikali ilipopiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Barabara zikawa za miguu na baiskeli. Mwenye Phoenix, au Swala ya hapa nchini, alikuwa mtu wa maana. Aliombwa lifti na hata wenye vyeo.

Leo kijana akipata fedha ya kwanza anaikimbia baiskeli. Huko duniani, mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea, mtoto wa Afrika Mashariki hapahapa, alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani, ambayo hakuna Mwafrika mwingine aliyewahi kuivaa hadi mwisho. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakaja Afrika kwa mara ya kwanza, yakafanyika Kigali. Kina Tadej Pogačar, watu wa kuonekana kwenye runinga, wakapanda vilima vya Rwanda huku watu wamejipanga barabarani kushangilia.

Rwanda si nchi tajiri kuliko Tanzania. Na huku kwetu, Kanda ya Ziwa, wapo vijana na kina mama ambao baiskeli wamezaliwa nayo. Mbio za Mwanza na Shinyanga zimeshaonyesha hilo. Mzee wa Kariakoo hasemi fedha za Simba na Yanga zigawiwe baiskeli. Anauliza tu kwa nini kwenye vijiwe vya michezo, anayeijua akiba ya timu ya Ulaya jina kwa jina, hajui kama nchi yake ina timu ya taifa ya baiskeli.

ANACHOKITAKA

Siku ya dabi utamwona. Mzigo ameumaliza mapema, ameoga, amevaa jezi iliyopauka mabegani. Anatoka Msimbazi, anapita Kamata, anashika Barabara ya Nyerere, anaingia Chang'ombe. Magari yamesimama, watu wanapiga honi kama honi inafungua njia. Yeye anapenya. Hiyo ndiyo siku pekee ya mwaka ambayo wenye magari wanamtazama kwa wivu.

Akifika Kwa Mkapa shida inaanza upya: baiskeli aiweke wapi? Atamwachia muuza karanga anayemjua, aliye mbali kidogo na geti, amlindie kwa shukrani ya soda. Huko ndani kuna viti 60,000.

Madai yake, ukiyajumlisha, hayazidi kurasa mbili za daftari. Saa ya mechi ikitangazwa, ibaki hiyohiyo. Kukiwa na mgogoro, uamuliwe kabla mtu wa Mbeya hajapanda basi. Mechi isipochezwa, aliyekata tiketi awe wa kwanza kutajwa kwenye taarifa, badala ya kuwekwa mstari wa mwisho. Barabarani, mstari uliochorwa kwa ajili ya baiskeli uwe wa baiskeli. Na uwanjani, nguzo tatu za chuma za kufungia baiskeli; fundi wa Gerezani anazichomelea kwa siku moja.

Ushindi haumo kwenye orodha hiyo. Ushindi ataugombea mwenyewe, kama anavyougombea mlima wa kutoka Jangwani kila asubuhi, kwa miguu yake.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mzee wa baiskeli ameinyonga baiskeli yake miaka yote hiyo, na bado anaingoja sehemu ya pili ya methali. Usiku, mpira ukiisha, ataichukua baiskeli kwa muuza karanga, atakagua upepo wa tairi kwa kidole, na kuanza safari ya kurudi Magomeni. Kama timu yake imefungwa, atanyamaza hadi nyumbani. Kesho saa 12 atapita tena Msimbazi.

Mkimsikia anapiga kengele, mpisheni.