PlayStation au kompyuta: ipi inunuliwe kwa kibanda cha gemu?

Kijana wa Kabanga, wilayani Kasulu, mwenye mtaji wa mashine moja tu, anunue PlayStation au kompyuta?

PlayStation imeundwa kwa ajili ya gemu. Mashine za toleo moja zina uwezo uleule, hivyo gemu la toleo hilo hufunguka bila usumbufu. Ukiwa na runinga na pedi mbili, wateja wawili wanacheza mpira pamoja. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani.

Kompyuta hubadilishwa vifaa kimoja kimoja. Lakini gemu jipya likihitaji kadi ya picha yenye nguvu kuliko uliyonayo, halitacheza vizuri, na kadi hiyo ni ghali.

Umeme nao uzingatiwe. Ukikatika, PlayStation na kompyuta ya mezani huzima papo hapo. Kompyuta mpakato ina betri.

Tofauti kubwa huonekana asubuhi. Wanafunzi wakiwa darasani, PlayStation hukaa bure. Kompyuta, ikiwa na printa, huchapa barua na kujaza maombi ya chuo. Kwa mashine moja, kompyuta haiweki mtaji wote kwenye gemu.