Neno «bado» kwa anayejifunza

Mtoto akileta alama nzuri kutoka shuleni, wengi wetu tunamwambia: «Wewe una akili sana!» Tunadhani tumemtia moyo.

Mwaka 1998, huko Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck walitangaza utafiti juu ya sifa hiyo. Watoto wa mwaka wa tano wa shule ya msingi walipewa mafumbo. Wengine walisifiwa kwa akili, wengine kwa bidii. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Waliporudishiwa mafumbo kama yale ya kwanza, waliosifiwa kwa bidii walipanda. Waliosifiwa kwa akili walishuka. Tena, karibu 4 kati ya 10 wa kundi hilo la akili walidanganya juu ya alama zao! Mtu akiamini kwamba akili ni kitu alichozaliwa nacho tu, kushindwa kunakuwa aibu ya kuficha.

Hata sisi wazazi tumo. Mama anakataa darasa la kusoma na kuandika: «Mimi sijui kusoma.» Aongeze neno moja: «Sijui bado.»

Lakini tusimdanganye mtu. Bidii haimpi daftari mtoto aliyekimbia vita; huyo asaidiwe kwanza. Na kurudia kosa lilelile usiku kucha si kujifunza. Mtoto akikosa hesabu, keti naye umuulize: «Ulianzia wapi? Tujaribu njia gani nyingine?»