Operesheni ya Unene na Kansa ya Matiti: Zinahusianaje?

Tuseme shangazi yako ameambiwa ana kansa ya matiti. Miaka michache nyuma alifanyiwa operesheni ya tumbo ili apungue unene, lakini anaona haya kumwambia daktari. "Ya nini? Tumbo na titi wapi na wapi?" anakuuliza. Wewe utamjibuje?

Operesheni gani hiyo?

Zipo za aina mbili zinazofanywa sana. Katika ya kwanza, daktari huondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, likabaki jembamba kama ndizi. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo mdogo kwa mbele, hivyo chakula kinaruka sehemu ya njia yake. Mtu hushiba upesi na njaa hupungua. Si urembo: hufanyiwa watu ambao unene unawahatarishia afya.

Mafuta yanaingiaje hapa?

Usidhani mafuta ya mwilini yamekaa tu. Mwanamke akikoma hedhi, ovari zake huacha kutengeneza homoni ya estrojeni kwa wingi. Kuanzia hapo mafuta ndiyo yanakuwa kiwanda kikubwa cha homoni hiyo. Sasa, kansa nyingi za matiti hukua zikichochewa na estrojeni. Ndiyo maana unene uliozidi huongeza hatari kwa wanawake wa umri huo.

Je, mafuta yakipungua, hatari nayo hupungua? Nchini Sweden, uchunguzi ulioanza 1987 ulifuatilia watu 2,010 waliofanyiwa operesheni na wengine wanene 2,037 ambao hawakufanyiwa. Matokeo ya 2009 yalionyesha kuwa wanawake 79 wa kundi la kwanza walipata kansa za aina mbalimbali, na 130 wa kundi la pili. Kwa wanaume tofauti haikuonekana. Lakini angalia: watu hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Huenda waliochagua operesheni walitofautiana na wenzao kwa mambo mengine pia. Basi ni dalili nzuri, si kinga kamili.

Na matibabu je?

Hapa ndipo shangazi anapokosea. Tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni isichochee kansa, ni kidonge cha kumeza kila siku, mara nyingi kwa miaka 5 au zaidi. Njia ya chakula ikishabadilishwa, dawa za kumeza huenda zisiingie mwilini kama kawaida. Daktari asipojua, atafuatiliaje?

Kuna dawa nyingine zinazozuia mafuta kutengeneza estrojeni. Hizo hudhoofisha mifupa. Operesheni nayo hupunguza kalsiamu na vitamini D zinazoingia mwilini. Mifupa inapigwa pande mbili! Tena aliyefanyiwa operesheni anaweza kupungukiwa madini ya chuma na vitamini B12, na dawa kali za kansa zinataka mwili ulioshiba vizuri. Kwa hiyo anahitaji kupimwa damu na kupewa vidonge vya nyongeza.

Basi mjibu hivi: "Shangazi, tumbo na titi vinahusiana. Mwambie daktari kila kitu. Ukiona haya, nitakusindikiza."

Kumbuka, kijana:

• Operesheni hii haitibu kansa, wala si njia ya mkato ya kupunguza kitambi.

• Mwembamba naye anaweza kupata kansa ya matiti. Usimcheke mnene, wala usimwambie mgonjwa kuwa amejitakia.

• Uvimbe kwenye titi, chuchu kutoa damu au ngozi kubonyea: nenda hospitali mapema. Vimbe nyingi za wasichana si kansa, lakini anayejua ni aliyepimwa.

• Usinywe dawa za kukondesha za mitaani. Cheza, tembea, kula mboga na matunda.

Aibu haijamponya mtu. Sema!