Maneno Ni Sawa Lakini "if" Inakukataa? Shida Iko Hapa

Msee, kama hii haijakushika, itakushika tu. Umeunda kaprogramu ka Python ka kuuza chipo mtaani. Mteja analipa, anakopi nambari ya muamala kutoka kwa SMS ya M-Pesa, anaibandika. Programu inamjibu: "Hujalipa." Ukicheki skrini, nambari ni zilezile. Mteja ashaanza kukuita mwizi. Noma!

Rada ni hii: wewe unasoma neno, kompyuta inalinganisha herufi moja moja. Na kwake, nafasi tupu pia ni herufi.

1. Toa kilichojificha
Nambari ya muamala wa M-Pesa ina herufi na tarakimu 10. Juu ya ile if, weka print(repr(nambari), len(nambari)). Ukiona 11, umeshika mwizi: repr itakuonyesha nafasi imejibanza mwishoni. Kama unasoma kutoka kwa faili, utapata \n kwenye mkia wa mstari. Dawa ni nambari = nambari.strip(). Usiandike nambari.strip() pekee, itakuwa kazi bure. Haibadilishi ile ya kwanza, inakupea mpya.

2. Herufi kubwa na ndogo
"Chipo" na "chipo" ni watu wawili tofauti. Weka .lower() pande zote mbili ndio ulinganishe.

3. Nambari iliyovaa nguo za maandishi
Chochote kinachotoka kwa input() ni maandishi. Mteja akiandika 50, wewe unapata "50", na "50" == 50 ni False. Pitisha kwa int() kwanza.

4. Mtego wa or
Huu ndio utakumaliza, juu haulalamiki. Ukiandika if jibu == "ndio" or "sawa":, kila mtu anapita, hata aliyeandika "zii". Python inaona "sawa" ikiwa peke yake, na maandishi yasiyo tupu huhesabiwa kuwa kweli. Hapo unagawa chipo za bure. Andika hivi: if jibu in ("ndio", "sawa"):

5. Wasee wa Java
Kwenu, == inauliza kama ni kitu kimoja ndani ya memori. Haiulizi kama maneno yanafanana. Ubaya ni kwamba maneno mawili uliyoandika mwenyewe ndani ya programu yatapita, uone kila kitu ni fiti. Kisha mteja anaandika neno lilelile kupitia Scanner, linakataa. Tumia jibu.equals("ndio") na ulale.

Kwa hivyo if ikigoma, usianze kubadilisha mistari ovyo hadi saa tisa usiku. Chapisha pande zote mbili na repr, hesabu herufi, ndio uguse kitu. Na umrudishie huyo mteja chipo zake, alikuwa amelipa.