Punguzo la Bei na Tangi la Mafuta: Tupime Vipi Tunaponunua Gari Jipya?



Katika robo hii ya mwaka kamati yetu ya manunuzi ilikaa na profoma mbili mezani. Zote zilikuwa za magari mapya, yale makubwa yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, kwa ajili ya kliniki ya mkoba inayohudumia vijiji vya milimani. Profoma ya kwanza ilikuwa na bei ya shilingi milioni 150, imekatwa kwa kalamu nyekundu, na chini yake imeandikwa milioni 135. Punguzo la milioni 15! Profoma ya pili ilikuwa ya milioni 138 kavu, bila punguzo lolote, wala hata kofia na kalenda.

Si vigumu kubuni mioyo yetu ilielekea wapi. Mjumbe mmoja alisema kwamba mtu anayekataa milioni 15 za bure atakuja kuulizwa na washarika. Tukacheka, lakini tulijua amesema lililokuwa mioyoni mwa wengi. Kwa kuwa majimbo mengine yako katika maandalizi ya kununua magari mwaka huu, tumeona vema tueleze hesabu tuliyoifanya na kwa nini tuliifanya.

Kwanza tukubaliane juu ya maana ya punguzo. Punguzo ni tofauti kati ya bei iliyoandikwa na bei utakayolipa. Bei iliyoandikwa ameiandika muuzaji mwenyewe, kwa hiyo na ukubwa wa punguzo ameupanga yeye. Tofauti inayomhusu mnunuzi ni ile iliyopo kati ya gari hili na lile analoweza kulinunua badala yake. Kwa profoma zetu, tofauti hiyo haikuwa milioni 15 hata kidogo, ilikuwa milioni 3. Tulikaa karibu saa nzima tukiishangilia milioni 15 ambayo haikuwapo.

Halafu tukageukia mafuta. Gari la kliniki ya mkoba kwetu hutembea wastani wa kilomita 24,000 kwa mwaka. Tulizungumza na madereva wa taasisi jirani wanaotumia magari ya aina hizo mbili katika barabara kama zetu. Lile la punguzo huenda kilomita 6 kwa lita moja, na lile lisilo na punguzo kilomita 8. Ukigawanya, la kwanza litakunywa lita 4,000 kwa mwaka, la pili lita 3,000. Tukichukua lita moja kuwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, tofauti ni milioni 3 kila mwaka. Maana yake ni kwamba akiba yote tuliyoipata dukani ingekwisha ndani ya miezi 12. Nasi magari yetu hatuyauzi baada ya mwaka mmoja. Tunakaa nayo miaka minane au zaidi. Kwa miaka minane gari la kwanza lingetumia mafuta ya milioni 96 na la pili milioni 72, hata kama bei ya mafuta isingepanda kwa shilingi moja.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani katika hesabu hizo, nalo ndilo lililotuumiza huko nyuma. Kwa kawaida magari yetu hununuliwa kwa msaada wa wafadhili, walau kwa sehemu kubwa. Lakini mafuta hununuliwa na sisi wenyewe, kutoka katika sadaka na mapato ya vituo. Kwa hiyo punguzo la bei humpunguzia mzigo yule aliyetoa fedha za ununuzi, na ulaji wa mafuta humwongezea mzigo yule anayebaki na gari. Ni mifuko miwili tofauti. Mkutano wa manunuzi hutazama mfuko mmoja tu, kwa sababu ndio ulioko mezani siku hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita tulinunua gari la petroli lenye injini kubwa, kwa punguzo zuri sana. Karatasi ya muuzaji ilisema linakwenda kilomita 8 kwa lita. Mhasibu wetu, kwa uaminifu kabisa, alipanga bajeti ya lita 3,000 kwa mwaka. Barabarani, likiwa limebeba wauguzi, masanduku ya dawa na boksi la baridi la chanjo, likapanda mlima kwa gia ya pili, lilikwenda kilomita 5. Lita 3,000 zilituishia tukiwa tumetembea kilomita 15,000 tu. Ilikuwa katikati ya Agosti. Tuliomba mfadhili aturuhusu kuhamisha fungu, naye alijibu kwa upole kwamba mkataba ulihusu gari na si uendeshaji. Vijiji viwili vya mbali zaidi havikupata kliniki hadi Januari. Akina mama wa huko walikuwa wamezoea kutusubiri chini ya mwembe siku ya Alhamisi ya pili ya mwezi, na tuliambiwa kwamba Alhamisi ya kwanza tuliyokosa walikaa pale hadi saa tisa alasiri. Gari jipya lilikuwa uani, linang'aa.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la wasio na fedha peke yao. Mgeni mmoja kutoka usharika rafiki wa Marekani alitusimulia ya kwao. Mwezi Juni 2005 kampuni ya General Motors ilitangaza kuuza magari kwa wananchi wote kwa bei iliyokuwa ikitolewa kwa wafanyakazi wake. Ford na Chrysler wakafuata mwezi Julai. Magari makubwa ya aina ile, wanayoyaita SUV, yalikuwa yamejaa katika viwanja vya wauzaji, na watu wakayachukua kwa furaha. Wakati huo galoni moja ya petroli, ambayo ni lita 3.8 hivi, ilikuwa dola 2 na senti kadhaa. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kikapiga pwani ya Ghuba ya Mexico, mitambo ya kusafisha mafuta ikasimama, na mapema Septemba wastani wa bei nchini mwao ukapita dola 3. Mwaka 2008 ukapita dola 4. Mgeni wetu alisema alijaribu kuliuza gari lake mwaka huo, akakuta kila mtu anauza la aina hiyo na hakuna anayenunua.

Hebu tuweke tarakimu. Gari linalokwenda maili 15 kwa galoni, kwa safari za maili 15,000 kwa mwaka, linatumia galoni 1,000. Linalokwenda maili 25 linatumia 600. Tofauti ya galoni 400 kwa bei ya dola 2 ni dola 800, kwa dola 3 ni 1,200, na kwa dola 4 ni 1,600. Punguzo hutolewa mara moja, siku ya kununua, na kiasi chake hakibadiliki tena. Bei ya mafuta hubadilika. Sisi hapa Tanzania tunalijua hilo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotoa bei kikomo, na hatujasahau mwaka 2022 lita ilipovuka shilingi 3,000.

Sasa kuna mtego mmoja wa hesabu ambao huwanasa hata wasomi. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Richard Larrick na Jack Soll, waliandika katika jarida la Science kwamba watu hukosea wanapolinganisha magari kwa umbali ambao kila galoni inawafikisha. Kosa ni lile lile kwetu tunaohesabu kilomita kwa lita. Chukua magari mawili ya zamani. Moja linakwenda kilomita 5 kwa lita, nawe unalibadilisha kwa la kilomita 6. Jingine linakwenda kilomita 10, unalibadilisha kwa la kilomita 12. Wengi watasema badiliko la pili ndilo lenye faida, kwa kuwa umeongeza kilomita mbili. Lakini kwa kilomita 20,000, la kwanza limeshuka kutoka lita 4,000 hadi 3,333, umeokoa 667. La pili limeshuka kutoka 2,000 hadi 1,667, umeokoa 333, yaani nusu yake. Kwa magari mazito kama yetu, hata kilomita moja ya nyongeza ni fedha nyingi. Ndiyo maana tumewaomba madereva waandike pia lita kwa kila kilomita 100. Kwa kipimo hicho magari yetu mawili ya profoma ni lita 16.7 na lita 12.5, na jicho linaona tofauti mara moja.

Je, tuamini tarakimu za nani? Zile za kiwandani hupatikana kwa kipimo cha ndani ya maabara, gari likikimbia juu ya magurudumu ya chuma. Marekani wenyewe walibadilisha njia yao ya kukadiria kuanzia magari ya mwaka 2008, wakaingiza mwendo wa kasi, kiyoyozi na baridi, na tarakimu za magari mengi zikashuka. Hakuna maabara iliyoweka tope la Aprili wala kerea juu ya paa lenye magodoro ya wodi. Kipimo cha kuaminika ni cha dereva: jaza tangi hadi bomba la sheli lijifunge lenyewe, andika kilomita za kwenye dashibodi, fanya kazi zako za kawaida, kisha jaza tena vilevile. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza mara ya pili. Ukirudia mara tatu au nne unapata ukweli. Kama bado huna gari, nenda kwa mwenye nalo umwombe akuonyeshe daftari lake la safari. Hatujawahi kukataliwa.

Uliza pia kwa nini kuna punguzo. Mara nyingine ni jambo jema tu: muuzaji anafunga hesabu za mwaka, au una magari matatu ya kununua kwa pamoja. Mara nyingine toleo jipya linakuja na hili la zamani linaondolewa ghalani, na hapo uliza spea zitapatikana kwa muda gani. Injini za kisasa za dizeli hula kidogo, lakini hazipendi mafuta machafu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, lakini dizeli ya kwenye pipa iliyokaa nyuma ya duka kijijini ni habari nyingine. Gari linalookoa lita elfu moja kisha likaharibu pampu ya sindano halijaokoa kitu. Tulimuuliza fundi wetu kuhusu gari la profoma ya pili, akasema analifahamu, ila akadai tuongeze chujio la pili la mafuta. Tumeandika katika oda.

Na kama gari litaingizwa kwa msamaha wa kodi, kumbukeni kwamba siku mtakayomuuzia mtu asiye na msamaha huo, kodi itadaiwa. Basi bei ya kuuzia ya kesho ihesabiwe kwa makini, na maelezo yatafutwe TRA kabla ya kusaini, si baada.

Hatusemi kwamba punguzo lichukiwe. Gari la ofisi linalozunguka mjini kilomita 6,000 kwa mwaka lingetumia lita 1,000 kwa aina ya kwanza na 750 kwa ya pili. Tofauti ni shilingi 750,000, na ile milioni 3 ingechukua miaka minne kurudi. Hapo mtu anaweza kuchagua punguzo, na hasa kama vipuri vyake ni rahisi, hatutamlaumu. Ni suala la kujua kwanza gari litatembea kiasi gani, na wapi. Tumeshangaa kuona maombi mengi ya magari yanayofika ofisini kwetu yanataja rangi lakini hayataji kilomita.

Kamati ilichagua gari la milioni 138. Ile milioni 3 ya ziada haikuwamo katika fungu la mfadhili, hivyo Halmashauri imekubali itoke katika mapato ya kituo cha wageni, na mhasibu amepanga bajeti ya mafuta kwa kilomita 7 kwa lita, si 8, hadi tutakapokuwa na daftari la miezi sita. Majimbo yanayotaka karatasi ya hesabu tuliyoitumia waiombe ofisi ya miradi. Ni ukurasa mmoja, na dereva ndiye anayeanza kuijaza.