Serikali Ikikaza Mkanda, Tazama Kalenda

Tarehe 5 Julai 2024, siku tisa baada ya kukataa kuutia sahihi Mswada wa Fedha uliowatoa vijana wa Kenya barabarani, Rais William Ruto alitangaza orodha ya mambo yatakayokatwa. Mashirika 47 ya umma yavunjwe. Magari mapya ya serikali yasinunuliwe kwa mwaka mzima. Washauri wapunguzwe nusu. Mswada ulikuwa ulete shilingi bilioni 346. Sasa bilioni 177 zingepunguzwa kwenye matumizi na bilioni 169 zingekopwa. Aliyekuwa akisikiliza redioni alikuwa na haki ya kudhani kwamba safari hii anayebanwa ni mkubwa, mwenye dereva na marupurupu.

Kazi yangu ni kukaa na watu tukapitia hesabu za nyumbani kwao, na makaratasi yao husema jambo jingine. Serikali haipendi kufuta watu kazi. Kufuta kuna gharama, kuna aibu, na kuna vita na vyama vya wafanyakazi. Kuchelewesha hakuhitaji tangazo. Kwa hiyo fedha zinapopungua kule juu, kinachobadilika kwanza huku chini ni tarehe: mshahara wa tarehe 30 unaingia tarehe 18, malipo ya kandarasi yanavuka mwaka, mgao wa shule unafika muhula ukiwa umekwisha.

Mifano haiko mbali. Mswada ulipoanguka, mgao wa kaunti uliokuwa umepangwa kuwa shilingi bilioni 400 ulipunguzwa, na Seneti na Bunge la Taifa wakavutana kwa miezi mpaka wakaafikiana kwenye bilioni 387.4. Wakati wakubwa wanavutana, muuguzi wa zahanati ya kaunti alikuwa anamweleza mwenye nyumba kwa nini kodi haijalipwa. Madaktari wanagenzi walikaa miezi wakisubiri kwa sababu serikali ilitaka kuwapa 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 za makubaliano ya 2017. Jambo hilo, lililokuwa kiini cha mgomo wa siku 56 mwaka 2024, halikumalizika hadi Desemba. Na ukitaka kujua kuchelewesha kunaweza kufika wapi, kumbuka kwamba kamati iliyoundwa mwaka 2023 kuchunguza madeni ambayo serikali haijawalipa wanaoiuzia bidhaa na huduma ilitakiwa kuanzia madeni ya Juni 2005. Mtoto wa mkandarasi aliyezaliwa mwaka huo alikuwa amemaliza sekondari.

Basi ninachowaomba wasomaji ni hiki: bajeti ya nyumbani wakati kama huu msiipange kwa kiasi peke yake. Ipangeni kwa tarehe. Nyumba nyingi zinazozama hazikosi pesa za mwaka. Zinakosa pesa za wiki tatu, halafu zinazinunua wiki hizo tatu kwa bei ya kuua.

Tuione bei hiyo. Nyumba inayoingiza 45,000 mkononi imecheleweshewa mshahara, na mwenye nyumba, duka na shule hawawezi kungoja. Ikikopa 30,000 kwenye simu kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, itadaiwa 2,250 juu. Mshahara ukichelewa hadi mwezi wa pili na mkopo ukaendelezwa, ada inafika 4,500. Hakuna waziri aliyetangaza kukata mshahara wa mtu huyu, lakini asilimia 10 ya mshahara wa mwezi imekwenda. Kiasi hichohicho kikitoka kwenye Sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalobaki, ada ya miezi miwili haizidi 600. Tofauti ya 3,900 ndiyo karo ya kutojiandaa, kwa sababu Sacco haimpi mtu mkopo siku aliyokwama. Inataka awe mwanachama, awe na akiba, mara nyingi theluthi ya anachotaka kukopa, na awe na wadhamini. Dirisha la kujiunga liko wazi wakati mshahara unaingia kwa wakati, na ndio wakati ambao hakuna anayekumbuka.

Fuliza na mikopo mingine ya simu inayotoza kwa siku ni mibaya zaidi kwa jambo hili, na nasema hivyo nikijua kwamba nusu ya wanaosoma hapa wanadaiwa. Ada ya siku ilikusudiwa mtu aliyepungukiwa nauli jioni akalipa kesho yake. Tuseme shilingi 5 kwa siku juu ya deni la 1,000: ni kidogo sana machoni. Ikae mwezi, ni asilimia 15. Hazina ya Hustler ya serikali, kwa asilimia 8 kwa mwaka, ni rahisi kuliko zote hizo, ila kiwango wanachopewa wengi hakitoshi hata gunia la mahindi.

Sasa tuje kwenye hati ya mshahara, karatasi ambayo watu huangalia mstari wa mwisho tu. Chukua mtu mwenye mshahara wa 60,000 kabla ya makato. Januari 2023 alikatwa 200 za NSSF, mfuko wa pensheni, na 1,300 za NHIF, bima ya afya ya wakati huo, na baada ya kodi ya mapato alibaki na takriban 48,400. Kufikia 2025, mshahara haujaongezwa hata ndururu, alikatwa 3,600 za NSSF, 1,650 za bima mpya ya SHIF, yaani asilimia 2.75, na 900 za tozo ya nyumba, yaani asilimia 1.5. Kodi ya mapato yenyewe ilishuka, kwa kuwa tangu 27 Desemba 2024 SHIF na tozo ya nyumba huondolewa kabla ya kodi kukokotolewa, kama ilivyo kwa NSSF. Hata hivyo mkononi alibaki na takriban 45,300. Zaidi ya 3,000 zimetoweka kila mwezi.

Hapa huwa naudhi watu. Nyongeza ya NSSF peke yake ni 3,400, na fedha hizo ni zako. Tena mwajiri anatakiwa aweke nyingine 3,600 juu yake. Hujanyang'anywa. Umehamishiwa tarehe, kutoka mwisho wa mwezi huu hadi siku ya kustaafu. Hilo halimpi mtoto uji leo, lakini lina maana moja ya kivitendo: kama ulikuwa ukijiwekea akiba nyingine ya uzeeni kwa hiari, ndiyo ya kwanza kupunguzwa, kwa sababu sheria tayari imekuongezea. Usikimbilie lakini kuvunja bima ya masomo ya mtoto. Uliza kwanza utarudishiwa kiasi gani. Katika miaka ya mwanzo mara nyingi hurudishiwa kidogo, au hupati kitu.

Na tukiwa bado kwenye karatasi hiyo, kuna sheria ambayo wengi hawaijui mpaka wameumia. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Walimu na watumishi wengine waliokuwa wamekopa hadi ukingoni walijikuta wameuvuka makato mapya yalipokuja. Ukibaki na chini ya theluthi moja, una haki ya kudai makato yapunguzwe, na ofisi ya leba ni mahali pa kuipeleka hoja hiyo. Wakopeshaji hawapendi kuisikia, ndiyo maana hawakuambii.

Shule ndiyo inayovunja nyumba nyingi, nami sishangai. Karo rasmi ya mwaka ya mwanafunzi wa shule ya bweni ya kitaifa ni 53,554, na wizara iliigawa 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu. Hesabu yake: Januari 26,777, muhula wa pili kama 16,000, wa tatu 10,700. Nusu ya karo inaangukia mwezi uleule ambao familia imetoka Krismasi na nauli za kwenda mashambani. Serikali nayo ilipaswa kumchangia kila mwanafunzi wa sekondari ya umma 22,244 kwa mwaka, lakini Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge waziwazi kwamba Hazina haiwezi kuendelea kuzitoa zote. Mwalimu mkuu asipopata mgao wake hufanya moja kati ya mambo mawili: hukopa chakula kwa wafanyabiashara wa mjini, ambao nao wana nyumba za kulisha, au huwatumia wazazi ujumbe wa mchango ambao haukuwa kwenye fomu ya kujiunga. Upange mchango huo mapema, kwa sababu utakuja. Na ukiitwa kwenye mkutano wa wazazi, nenda. Huko ndiko wanakokubaliana malipo kidogokidogo, na asiyekuwepo huletewa uamuzi.

Chama chako cha kuchangiana kinaweza kukufaa hapa kuliko benki. Watu wakibanwa hukimbia chama kwanza, ilhali ndicho kinachowapa fedha za jumla bila riba. Usitoke. Omba kubadilishiwa zamu. Mwenzako ambaye watoto wake wamemaliza shule hana haja ya kupokea Januari, wewe unayo. Ombi hilo ukilileta Septemba ni mazungumzo ya kawaida. Ukilileta tarehe 3 Januari ni kelele.

Bima ya afya nayo ina tarehe yake. Aliyeajiriwa hukatwa kila mwezi, lakini mama mboga, fundi na mwendesha boda boda hutakiwa kulipa SHIF ya mwaka mzima, isiyopungua 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kwa mtu anayepata 400 leo na sufuri kesho, 3,600 kwa mpigo ni mlima. Weka 10 kila siku kwenye akaunti tofauti, isiyo ya matumizi, na baada ya mwaka utakuwa na 3,650. Wengi huniambia watalipa wakiugua. Ni mchezo wa hatari.

Kuhusu matumizi ya jikoni nitapita haraka. Makala za aina hii hupenda kumwambia mama apunguze sukari kwenye chai, na nyumba ninazoingia zilishaipunguza zamani. Palipobaki pa kukata mara nyingi si jikoni. Ni vifurushi vya intaneti vya kila siku ambavyo kwa mwezi hupita bei ya gesi, ni king'amuzi kisichotazamwa, na ni harambee tunazozitoa kwa haya.

Haya hiyo ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote. Mtu wa Nairobi aliyezoea kumtumia mama yake kijijini 5,000 kila mwezi, akicheleweshewa mshahara hafanyi anachopaswa kufanya, yaani kupiga simu na kusema. Hukopa kwenye simu ili atume, kisha hukopa tena ili alipe. Mama angejua angesema atauza kuku au atangoja. Nimewaona wazee wakikasirika, si kwa kukosa pesa, bali kwa kufichwa. Hali ni hiyohiyo kati ya mume na mke: deni la siri la simu huharibu zaidi ya kiasi chake.

Mwenye nyumba pia aambiwe kabla, si baada. Mpe nusu, mpe tarehe, na ikibidi mwombe ahesabu ile amana uliyoweka ulipoingia, mkaandikiana. Duka la mtaani hivyohivyo. Deni la mkopeshaji wa simu asiye na huruma liwe la mwisho kwenye foleni, baada ya chakula, paa, dawa na shule. Na akianza kuwapigia marafiki na jamaa zako kwenye simu kukuaibisha, jua kwamba kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinamkataza. Mripoti.

Walioko kwenye kampuni zinazoiuzia serikali wana shida ya ziada, kwa kuwa hao kweli hupunguzwa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinawapa notisi ya mwezi na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili waliofanya kazi. Fedha hiyo ikija, ihesabu kama mshahara wa miezi kadhaa, si mtaji. Miaka ya 1990, serikali ilipowapunguza watumishi kwa mpango wa kustaafu mapema kwa hiari, kila mji ulikuwa na mtu aliyenunua matatu kuukuu kwa kitita chake. Waulize wazee wa mtaa wako ziliishia wapi.

Sehemu moja ya haya yote haiko jikoni kwa mtu. Kifungu cha 221 cha Katiba kinataka makadirio ya bajeti yafike Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia tarehe 30 Aprili, na kamati husika imelazimishwa kusikiliza maoni ya wananchi kabla ya kuamua. Vikao hivyo hutangazwa magazetini na huhudhuriwa na wachache. Wazazi wa shule moja wakiandika barua ya ukurasa mmoja, wakataja mgao uliopaswa kufika, tarehe uliyofika na walichochangishwa badala yake, hiyo ni hoja ambayo kamati inawajibika kuipokea. Iandikeni mwezi wa Machi.