Mfumo Mpya katika Kompyuta ya Zamani: Kupandisha au Kuanza Upya?

Tarehe 14 Oktoba 2025 ulikwisha muda wa kuhudumiwa kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2015. Mfumo endeshi ni programu mama: ndio unaoamsha mashine, kugawa kumbukumbu na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Kompyuta zenye mfumo huo ziliendelea kuwaka kama kawaida, lakini kasoro mpya za usalama zilizogunduliwa hazikuwa tena na tiba ya kawaida.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilifunga majalada katika kompyuta za nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai fedha ili kuyafungua. Tiba ya kasoro iliyotumiwa ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla. Walioathirika ni wale ambao mashine zao hazikuipata.

Ichukuliwe basi shule moja huko Tandala, katika Wilaya ya Makete, yenye kompyuta moja ofisini. Ndani yake mna matokeo ya mitihani ya miaka mingi, orodha ya wanafunzi na hesabu za ada. Fundi huenda akapatikana Njombe mjini au Makambako, nako ni safari. Swali linaloikabili ofisi hiyo ni hili: je, mfumo mpya upandishwe juu ya ule wa zamani, au diski ifutwe na kazi ianze upya, jambo ambalo mafundi mitaani huliita "kupiga Windows"?

Njia mbili na tabia zake

Katika kupandisha, mfumo mpya huchukua nafasi ya ule wa zamani, huku majalada, programu na mipangilio ya mtumiaji vikiachwa mahali pake. Faida yake ni wepesi. Aidha, mfumo wa zamani huhifadhiwa pembeni, na kwa Windows 11 mtumiaji huwa na siku 10 za kurudi nyuma asiporidhika. Hasara yake ni kwamba pamoja na mema, hubaki pia mabaya: programu zisizotumika, mipangilio iliyoharibika, na yamkini virusi.

Katika kuanza upya, sehemu ya diski yenye mfumo hufutwa kabisa. Mashine hurudi ikiwa nyepesi, lakini kila programu hapana budi iwekwe tena, na kisichonakiliwa kabla ya hapo huwa kimepotea.

Wakulima wa viazi mviringo wa Makete na Njombe wanaijua kanuni hii shambani. Mbegu safi ikipandwa katika udongo wenye vimelea vya mnyauko, huugua kama ile iliyoitangulia. Lakini mkulima mwenye shamba lenye afya haliachi shamba lake kwa sababu tu amepata mbegu mpya.

Jinsi ya kuamua

Kwanza, ithibitishwe kama mashine inaufaa mfumo mpya. Windows 11 huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazitimizi masharti yake. Kwa kompyuta za watu binafsi zilizoandikishwa, Microsoft iliweka utaratibu wa kuongeza marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine isiyofaa yaweza pia kuwekewa mfumo usiolipiwa wa jamii ya Linux, kama vile Ubuntu.

Pili, ipimwe afya ya mashine. Iliyo nzima, yenye programu ya hesabu iliyonunuliwa na ambayo namba yake ya kuifungulia haijulikani iliko, ni heri ipandishwe. Iliyo nzito, inayozimika ovyo, iliyowahi kushikwa na virusi au iliyonunuliwa mkononi bila kujulikana historia yake, ni heri ianzwe upya.

Maandalizi kabla ya kazi

Njia yoyote itakayochaguliwa, hatua ya kwanza ni moja: kunakili majalada yote muhimu. Nakala ziwe mbili, katika diski au flashi mbili tofauti, na angalau moja ihifadhiwe nje ya chumba chenye kompyuta. Kisha zifunguliwe katika mashine nyingine ili kuthibitisha kwamba zinasomeka, na zikaguliwe virusi kabla ya kurudishwa; la sivyo ugonjwa uliofutwa utarudi kwa mlango wa nyuma. Nywila na namba za programu ziandikwe katika daftari.

Jambo la pili ni umeme. Njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyokamilika mwaka 2018, iliunganisha sehemu hizo na gridi ya Taifa, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi mfumo waweza kuharibika. Kompyuta ya mkononi ijazwe chaji kwanza na iachwe imechomekwa. Jalada la mfumo mpya huzidi gigabaiti 5. Kwa hiyo ni nafuu kulipakua mara moja mjini katika flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, na kuitumia kwa mashine zote za ofisi.

Mfumo endeshi ukiharibika hupatikana mwingine, na hata kompyuta hununuliwa nyingine. Matokeo ya mwanafunzi aliyemaliza shule miaka sita iliyopita hayauzwi dukani Njombe wala Makambako. Mkuu wa ofisi anayemkabidhi fundi mashine yake hana budi kumwuliza kwanza nakala ziko wapi, ndipo amwulize ni njia gani atakayoifuata.